Honi ya Jirani

"Mpiga honi ya jirani humfungulia jirani lango."

Bi Siwema aliyasema hayo bila kuinua uso, mikono yake ikiendelea kutunga asumini kwenye uzi. Alikuwa ameketi kwenye benchi pale wanapooshea magari, Muheza, akiwasubiri wajukuu zake, Tunu na Mgaza, wamalize kubishana. Walikuwa wameleta gari la harusi ya binamu yao lioshwe na kupambwa. Kando yake palikuwa na gari jingine la mtu, jipya, jeusi, linalong'aa kiasi cha mwanamke kuweza kujitazama humo akafunga kilemba chake.

Mgaza alikuwa ameapa kwamba gari lile ni Krona. Tunu akazunguka nyuma, akasoma jina, akarudi anacheka. Lilikuwa Valdora.

"Valdora?" Mgaza alishangaa. "Mbona uso wote ni wa Krona? Taa za Krona, pua ya Krona, hata makalio!"

"Nimesikia haziuziki siku hizi," Tunu alisema. "Zamani lilikuwa gari la wakubwa, leo wanaliuza kwa kubembeleza. Wanasema Krona imewazidi nguvu. Sijui wamekosea wapi."

Hapo ndipo Bi Siwema alipotoa methali yake, na vijana wote wawili wakamgeukia.

"Bibi, hiyo umeitoa wapi?" Mgaza aliuliza. "Shuleni hatukuisoma."

"Shuleni mnasoma zile zilizokwisha zeeka. Hii mimi naijua toka inazaliwa, na mtaa ilimozaliwa naujua. Hebu kaeni, na wewe Mgaza nishikie uzi huu usijikunje. Methali hii ilianza hivi."

Zama zile, harusi ya Muheza haikuwa harusi bila gari la Singano Mdoe. Singano alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suti, mtu wa maneno machache na kofia safi. Gari lake, Valdora, alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao. Watu walisema Singano amerukwa na akili, maana mtu wa sindano na uzi anatafuta nini kwenye gari la mabwana? Yeye aliwaacha waseme. Aliliosha, akalifuta kwa kitambaa cha suti, akalitoa siku ya harusi ya kwanza, na mji mzima ukafunga mdomo.

Lilikuwa jeupe, weupe wa maziwa. Paa lake lilikuwa la juu, bibi harusi akiingia na mapambo yake ya kichwani hana haja ya kuinama. Milango yake ilikuwa mipana, gauni linapita lote, na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, akapita nyuma yake na mkoba. Kiti cha nyuma kilikuwa laini hata bibi vizee waliopewa heshima ya kusindikiza walipitiwa na usingizi, wakaamshwa sherehe imekwisha. Tena halikuwa na papara. Wanawake wakicheza mbele yake, lilijua kuwafuata taratibu, hatua kwa hatua, na injini isichemke.

Lakini Valdora lilikuwa Valdora kwa sababu ya honi yake. Paaa-pi-pooo! Sauti tatu, ya kwanza ndefu, ya pili inadokoa, ya tatu inatua. Ikilia, watoto waliokuwa wakioga walitoka mbio na povu lao. Hakukuwa na mtoto Muheza asiyejua kuiigiza. Walipocheza harusi za matope nyuma ya nyumba, mmoja alikuwa bibi harusi, mmoja bwana harusi, na wa tatu, tena wanagombana nafasi hiyo, alikuwa honi.

Na honi ilikuwa na kazi yake. Mji ulikuwa na desturi. Siku ya kumchukua mwali, lango la nyumba ya kwao hufungwa kwa komeo, na shangazi mmoja hukabidhiwa komeo hilo. Bwana harusi akifika habishi hodi kwa mdomo. Gari ndilo linalobisha. Shangazi akiisikia honi ya gari aliloahidiwa mwali, anafungua, vigelegele vinapasuka, na tarumbeta la mji linaanza kulia. Asipoisikia, komeo halitoki hata aje mkuu wa wilaya na kofia yake.

Singano aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichowahi kushona. Akishika usukani alijiona ndiye baba wa kila harusi.

Halafu jirani yake, Chande Kilua, akaleta Krona.

Chande alikuwa mfanyabiashara wa machungwa, mtu wa kucheka, nyumba yake na ya Singano zikitenganishwa na ukuta mmoja. Na Krona lake, tusimsingizie, lilikuwa gari kwelikweli. Jeusi, la chini, limelala barabarani kama chui anayetaka kuruka. Kila fundi wa Tanga alilijua undani wake, kila duka la vipuri liliuza nati zake, na mtoto asiyejua kusoma jina lake mwenyewe aliitambua nembo yake kwa mbali. Valdora likidai kipuri, Singano aliandika barua ng'ambo akakaa kusubiri. Krona likidai kipuri, Chande alimtuma mtu, na kabla chai haijapoa kipuri kimefika. Honi yake ilikuwa moja, nzito: mbuuuu! Utadhani fahali aliyeshiba.

Vijana wakapagawa. Ukioa na Krona umeoa. Mwaka ule wa kwanza harusi zikagawanyika, mwaka wa pili zikahamia upande wa pili wa ukuta. Singano akawa anakaa barazani na kofia yake, anasikia mbuuuu ya jirani ikitoka asubuhi na mbuuuu ikirudi jioni. Chande hakumfanyia ubaya wowote. Alimsalimia kila siku, akamletea na machungwa. Hilo ndilo lililomuuma Singano zaidi, maana adui anayekuletea machungwa utamchukiaje?

Wivu una tabia ya nondo, haupigi kelele unapotoboa nguo. Singano akaanza kulitazama gari lake kwa jicho la mtu mwingine. Paa akaliona refu. Weupe akauona wa kizee. Ule mwendo wa taratibu alioujivunia akauona uzembe. Asubuhi moja akaliendesha hadi kwa Fundi Shekue, karibu na reli.

"Nataka liwe kama lile," alisema.

"Lile lipi, mzee?"

"Unalijua."

Shekue akacheka, maana kazi ni kazi. Walianza na rangi: maziwa yakawa lami. Wakakata springi ili gari likae chini. Wakapaka vioo giza. Pua ya mbele, iliyokuwa ya duara na yenye haya kidogo, wakaing'oa wakaweka chuma cha mistari kilichochongwa kwa kulichungulia Krona juu ya ukuta wa jirani. Kila kazi ikiisha Singano alirudi nyuma hatua chache, akakunja macho, akasema, "Bado kidogo." Mkewe, Bi Mwanjaa, alilitazama gari lile likiingia uani, akaweka chini ungo wa mchele.

"Mume wangu," alisema, "mwaka jana nilikuwa na mume na gari. Sasa gari limekuwa la Chande. Nikae nikijua, na wewe utaanza lini kufanana naye?"

"Mwanjaa, biashara hizi huzijui."

"Sizijui. Nauliza tu, nijue nipike kwa chumvi ya nani."

Siku chache baadaye akaja kijana mmoja anayetaka kuoa. Alilizunguka gari, akalipapasa ubavu, akainama akatazama ile pua ya mistari.

"Mzee, hili si Krona?"

"Ni Valdora, mwanangu," Singano alijibu, kifua mbele. "Lakini limefanana, eeh?"

"Limefanana hasa." Kijana akafuta mikono. "Basi ngoja nikamwone Bwana Chande. Kama ninataka Krona, Krona lenyewe si hilo hapo ng'ambo ya ukuta?"

Akaenda. Mtu mwingine angepata somo lake hapo hapo, akalia kidogo, akaenda kununua rangi nyeupe. Singano naye alipata somo, ila alilipata kichwa chini miguu juu. Alikaa barazani mchana kutwa akifikiri, na mwisho akajipiga paji la uso. Honi! Sura ni ya Krona, mwendo ni wa Krona, lakini likilia tu, watu wanajua ni lile lile la zamani. Honi ndiyo inayomsaliti.

Wakati huo Singano alikuwa amebakiwa na harusi moja tu katika mfungo mosi mzima, na mfungo mosi, mara baada ya Ramadhani, ndio mwezi ambao watu wanaoana mpaka mchele unaadimika madukani. Harusi hiyo ilikuwa ya Zaituni, binti wa Mwalimu Mhina. Upande wa bwana harusi, kijana aliyeitwa Mbaruku, walitaka Krona. Zaituni akawaambia kwa adabu lakini bila kupepesa macho: "Mama yangu alitoka kwao na Valdora, nami nitatoka nalo. Msipolileta, nitakuja kwa miguu, na aibu itakuwa ya kwenu." Alipokwisha kusema hayo akawekwa ndani, kama ilivyo desturi ya mwali, kwenye liwa na udi, haoni mtu wala barabara. Kwa hiyo hakuona gari likigeuka rangi. Na shangazi zake, waliojifungia naye kumsinga na kuimba, hawakuona pia.

Tena kulikuwa na mtu wa Mkanyageni aliyelitolea macho gari la Singano. Alitaka injini ivute maji ya bustani, na bodi iwe banda la kuku. Singano alimwambia mkewe, na sauti yake ilikuwa ndogo: "Harusi ya Zaituni ikienda vizuri, tunalo gari. Ikiharibika, mtu wa Mkanyageni aje alichukue. Sitakuwa na uso wa kulitoa tena."

Bi Mwanjaa alimwonea huruma kwelikweli. Alijua mumewe hataweza kupita karibu na kuku wale.

Siku moja kabla ya harusi, Fundi Shekue alikuja uani kwa Singano akaing'oa ile honi ya zamani. "Mzee, hii ni nzima kabisa," alisema. Singano hakutaka hata kuishika. Wakafunga mpya, nzito. Singano akabonyeza. Mbuuuu! Upande wa pili wa ukuta mtu akasikika akiuliza kama Bwana Chande amerudi. Singano akatabasamu tabasamu lake la kwanza baada ya miezi mingi.

Basi siku ikafika. Na Mungu ana mzaha wake: mtaa ule ule wa Mwalimu Mhina, nyumba ya kutazamana, palikuwa na harusi nyingine alasiri hiyo hiyo. Muuza nyama wa mtaa alikuwa anamwoza bintiye Chausiku, na gari walilokodi lilikuwa Krona la Chande. Malango mawili ya bati yanatazamana, yote yamefungwa, kila moja lina shangazi wake nyuma na vigelegele tayari kooni. Kundi la tarumbeta mjini lilikuwa moja tu. Wapigaji walisimama katikati ya barabara, mashavu wameyapumzisha, wamekubaliana kwamba lango litakalotangulia kufunguka ndilo watakalolianzia.

Singano aliyajua hayo, naye akakusudia kutangulia. Alimchukua Mbaruku nyumbani kwao mapema, akamweka kiti cha nyuma na suti yake, akaondoka kwa kasi ambayo Valdora halijawahi kuiota. Kwa springi zile zilizokatwa, kila shimo la barabarani lilimfikia bwana harusi bila kupunguzwa. Mara mbili alipiga kichwa juu.

"Mzee Singano," Mbaruku alilalamika, akishika tarabushi yake, "niliambiwa gari hili mtu husinzia."

"Hiyo ni zamani, mwanangu. Sasa limekuwa la kisasa."

Wakafika. Mtaani hapakuwa na gari jingine, lango la Mwalimu limefungwa, na Chande hajaonekana. Singano aliona moyo wake unapanda kwa furaha. Akanyoosha kofia, akaweka kiganja juu ya usukani, akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Mbuuuuuu!

Lango likafunguka pwaa! Lakini lilikuwa lango la ng'ambo.

Wanawake wa muuza nyama walimwagika barabarani na vigelegele, kanga juu, mawaridi yanarushwa. Tarumbeta likashtuka, likawageukia, likaanza. Wanawake wakalizunguka gari la Singano, wakafungua mlango wa nyuma kumshusha bwana harusi wao, wakakutana na Mbaruku ameshika kichwa.

"Huyu si wetu!" mmoja alipiga ukelele.

"Mimi ni wa Zaituni!" Mbaruku alisema kwa hofu, maana walikuwa wameshamshika mkono.

Katikati ya vurugu ile likaja Krona la kweli. Chande alitoka konani taratibu, amejiandaa kupiga honi na kungojea kama mtu mwingine yeyote. Akakuta lango wazi, wanawake nje, tarumbeta linalia, mawaridi chini. Hakugusa honi wala breki. Aliteleza moja kwa moja hadi uani. Alipompita Singano aliteremsha kioo, na kwa mdomo wake mpana wa kucheka akasema, "Ahsante sana, jirani. Umenifungulia lango."

Mtaa mzima uliangua kicheko. Singano alihisi masikio yanawaka moto. Akabonyeza tena, mbuuuu, safari hii akilielekea kabisa lango la Mwalimu Mhina. Kimya. Akabonyeza tena. Nyuma ya bati ikatoka sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

"Chande, umepotea! Bibi harusi wako yuko ng'ambo!"

"Si Chande!" Singano alishuka garini. "Ni mimi, Singano!"

Mwanamke akachungulia kwenye tundu la bati. Huyu ndiye shangazi aliyekabidhiwa komeo, dada yake Mwalimu, mtu ambaye akishika jambo, jambo ndilo linaloomba kuachwa.

"Sauti ni ya Singano," alisema. "Uso ni wa Singano. Gari silijui. Sisi tumeahidiwa Valdora."

"Ndilo hili!"

"Hili? Hili ni Krona lililougua. Na honi tumeisikia kwa masikio yetu. Sisi tunaingoja honi yetu."

"Honi imetolewa, dada yangu."

"Irudishwe."

"Iko nyumbani!"

"Na komeo nalo liko nyumbani kwake. Harusi njema."

Huku nyuma wanawake wa ndani wakacheka, na mmoja akaanza kuimba wimbo wa kumkejeli bwana harusi aliyechelewa. Mbaruku akamsogelea Singano, jasho linamtoka, akamwambia kwa unyonge, "Mzee wangu, nifanyie lolote. Mke wangu yuko nyuma ya bati hilo."

Singano alimtazama kijana yule, akalitazama gari. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kulikata aliliona jinsi wengine walivyoliona: limeinama, limenuna, limevaa uso wa mwenzake usiolienea. Yeye mshonaji suti, ambaye hata siku moja hakumpa mteja koti la kipimo cha mtu mwingine! Akaona aibu. Na nyuma ya aibu ile likamjia gari lake jeupe, na wale watoto na povu lao, na akalitamani. Ule mchezo wa komeo hakuuogopa tena, wala kicheko cha mtaa. Alitaka kitu kimoja, walijue gari lake.

Akavua kofia. Akalisogelea lile bati, akaweka viganja viwili mdomoni, mzee mzima na suti yake, akalia kwa sauti kubwa:

"Paaa-pi-pooo!"

Tarumbeta la ng'ambo likakatika. Vicheko vikakatika. Singano alisimama pale na mikono mdomoni, akangoja, na akaona lango halitikisiki. Akavuta pumzi ajaribu tena.

Ndipo ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lenye pazia, ikatoka sauti nyembamba ya msichana aliyekuwa hatakiwi kutoa sauti hata kidogo siku hiyo.

"Paaa-pi-pooo!"

Ilikuwa Zaituni. Somo wake alijaribu kumziba mdomo, akachelewa. Mtoto mmoja juu ya ukuta akaidaka. Kisha wa pili. Kisha wale wanawake wa muuza nyama, watu wazima wenye wajukuu, waliokuwa wametolewa kwao na gari lile lile miaka iliyopita, wakaweka viganja midomoni na wao: paaa-pi-pooo! Wapigaji tarumbeta wakaitafuta kwenye vyombo vyao, wakaipata. Na kule uani, kwenye kiti cha Krona, Chande Kilua alikuwa ameegemea mlango anaipiga kwa mdomo kuliko wote, machozi ya kicheko yanamchirizika. Mtaa wote ulikuwa honi moja. Singano alibaki katikati, anatikisa kichwa tu na kulia kwa furaha kama mtoto aliyepotea akakutwa sokoni.

Komeo likatoka.

"Ala!" shangazi alisema, akiacha lango lifunguke lenyewe. "Kumbe lilikuwepo. Lilikuwa limejificha wapi siku zote hizi?"

Zaituni alitolewa amefunikwa, anaongozwa. Alipofunuliwa kidogo apande gari, alilitazama, akamtazama Singano.

"Babu," alisema polepole, "limefiwa?"

Watu wakacheka upya. Singano akajibu, "Lilikuwa limefiwa, mjukuu wangu. Leo tunaondoa matanga."

Shangazi hakutaka kusikia habari za mwali wao kupanda gari jeusi. Aliingia ndani, akatoka na shuka nyeupe za kitanda cha harusi, zilizofuliwa na kufukizwa udi, na wanawake wakalivika Valdora toka paani hadi kwenye ile pua ya mistari, wakalifunga kwa asumini. Kila shuka ilipotandazwa, gari likarudi kidogo kidogo kuwa lile lile. Wakaondoka. Wanawake wa nyumba mbili wakacheza mbele pamoja, mwendo ule ule wa zamani, na Krona lenye mwendo wa chui likafuata nyuma likikanyaga breki njia nzima, maana hakuna aliyetaka kupisha. Kila kona Singano alitoa kichwa dirishani akapiga honi kwa mdomo. Ilipofika jioni sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, na uso wake umepungua miaka.

Alipoingia nyumbani alimkuta Bi Mwanjaa amekaa na kitu mapajani, kimefungwa kwenye kitenge. Ile honi. Alikuwa ameichukua kwa Fundi Shekue siku ile ile ilipong'olewa.

"Uliiweka ya nini?" Singano aliuliza kwa sauti ya chura.

"Nilijua mwenyewe ataitafuta," mkewe alijibu.

Mtu wa Mkanyageni alipokuja na kamba zake, alipewa sinia la pilau akala, akaambiwa kuku wake watafutiwe mahali pengine. Gari likarudishiwa weupe, springi na pua yake ya haya. Na Chande je? Hakupungukiwa. Waliotaka Krona waliendelea kwenda kwake, na wao walikuwa wengi, maana Krona lilikuwa na nguvu zake halali. Lakini waliotaka Valdora sasa walijua pa kulipata, na hao hawakuwa wachache hata kidogo. Miaka ikapita, Chande akamwoza bintiye wa kwanza. Siku hiyo Krona lilibaki uani. Alikuja mwenyewe barazani kwa Singano, ameshika machungwa, akamwambia, "Jirani, leo nifungulie lango kwa honi yako."

Bi Siwema alikata uzi kwa meno, akafunga fundo. Tunu alikuwa anafuta macho kwa upindo wa kanga, hajui kama ni kicheko au nini.

"Bibi," Mgaza aliuliza taratibu, "huyo shangazi wa komeo, jina lake nani?"

"Jina lake linakuhusu nini?"

"Ni wewe!" Tunu alipiga kofi. "Babu Mwalimu Mhina si kaka yako?"

"Basi nilikosea? Ningemfunguliaje ambaye sikuahidiwa?" Bi Siwema aliinuka, akajikung'uta. "Nami ndiye niliyelimalizia lile neno la Chande likawa methali. Yeye alilisema kwa kucheka, mimi nikalisimamisha. Haya, leteni ngazi tulipambe gari."

Wakati huo mwenye lile gari jipya alimaliza kulipia, akaingia, akasogea hadi kwenye geti la kutokea. Akapiga honi. Ilikuwa nzito: mbuuuu. Kijana wa getini, aliyekuwa amegeuka upande wa pili akimwaga maji, akapaza sauti kwa mwenzake, "Fungua geti, Krona linatoka!"

Dereva aliteremsha kioo kama mtu anayetaka kusema jambo. Akaliacha, akapandisha kioo, akaondoka.

Bi Siwema aliinua nyusi. Aliwatazama tu wajukuu zake. Mgaza, uzi wa asumini bado mkononi, alilifuata gari lile kwa macho hadi lilipopinda, kisha akasema mwenyewe, polepole:

"Mpiga honi ya jirani humfungulia jirani lango."